Storm Apakwe Tope la Mpunga

Na Mzee wa Kivuko

Kila inapoonyeshwa sanamu mpya ya Storm, yule mwanamke wa vitabu vya katuni vya X-Men mwenye nywele nyeupe anayeamuru mvua, ugomvi huwa uleule: ngozi yake imekolezwa ya kutosha, au imepaushwa? Wiki hii umerudi tena na umenichosha. Si kwamba swali ni la kipuuzi. Tangu Halle Berry apewe nafasi hiyo katika filamu ya mwaka 2000, wapo wanaouliza kwa haki kwa nini mtoto wa mama Mkenya hupauka kila anapohamia kwenye skrini. Lakini mpaka rangi makini anajua kwamba ngozi ndiyo kazi nyepesi: unaanza na kahawia iliyokolea, unatia zambarau kidogo kwenye mikunjo, unapandisha mwanga kwa rangi ya machungwa badala ya nyeupe, basi. Kasoro kubwa iko chini ya miguu. Sanamu za Marvel: Crisis Protocol, mchezo wa mezani uliotoka 2019, huuzwa bila rangi, na vitako vyake vingi vimechongwa lami iliyopasuka na vifusi vya mjini. Storm amepewa ngozi ya kubishaniwa, ardhi hajapewa. Na msimamo wa safu hii, ambayo bado inaandikwa kwa jina la kivuko cha Mto Kilombero ingawa daraja lilizinduliwa 2018 (barua zenu nimezipata, jina halibadiliki), ni kwamba bila ardhi na watu wake, ngozi hiyo ni pambo tu.

Turudi kwenye ukurasa alikozaliwa. Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, inatupeleka Kenya. Ukame umepiga, wanakijiji wanamlilia mungu wao wa kike, naye anapaa na kuwashushia mvua. Mara anafika Profesa Xavier kutoka Marekani kumwambia kwamba yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, na kwamba dunia inamhitaji. Anaondoka. Wanakijiji hawana majina, hawana hoja, hawaulizi hata nani atawanyeshea msimu ujao. Hapo ndipo mwandishi anapojionyesha kwamba hajawahi kukaa na mkulima, maana hakuna kijiji kinachoomba mvua kwa sauti moja. Katika bonde hili la Kilombero, kutoka Kidatu kupitia Kisawasawa hadi Ifakara, mwenye mpunga unaotaka kuchanua anaiomba, aliyeanika mpunga wake juu ya turubai anaiomba ikome, mfyatua matofali haitaki kabisa, na wanaoishi jirani na Mto Lumemo wanaitazama milima ya Udzungwa kwa wasiwasi, kwa sababu mvua ya huko juu ndiyo mafuriko ya huku chini. Mwenye uwezo wa kuleta mvua katika mahali kama hapa angekuwa na kesi baraza la kata kila wiki. Hadithi ya Storm ilitakiwa ianzie kwenye kesi hizo, na ingenoga kuliko vita vyake vyote na maroboti.

Tena sisi tunaye mtu wa maji ambaye hakutungwa na mchoraji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na mwaka 1905 sehemu kubwa ya kusini ya nchi hii ikasimama dhidi ya Wajerumani. Agosti 30 mwaka huo wapiganaji wa Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge, ng'ambo ya mto wetu, wakakutana na risasi za bunduki za rashasha ambazo hazikugeuka maji. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, hakumzungushia shujaa huyo watu wa kupiga magoti tu. Alimwekea Kitunda, mtu wa karibu anayehoji na kutilia shaka. Uzito wa Kinjeketile kwenye jukwaa unatokana na ubishi huo. Mwondoe Kitunda, anabaki mtu mwenye chungu cha maji.

Nitaambiwa kwamba Storm si wetu hata hivyo. Alizaliwa New York, baba yake ni Mmarekani, wazazi wake wote wawili wakafia Cairo nyumba ilipowaangukia. Hayo yalielezwa katika X-Men namba 102 ya mwaka 1976. Sawa, lakini waliomleta Kenya ni waandishi wenyewe, na aliyekaa mahali akaabudiwa hawezi kuitwa mpita njia. Zaidi ya hapo, walipotaka kuifanya kazi vizuri waliweza. Katika Uncanny X-Men namba 198 ya mwaka 1985, Chris Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith walimrudisha Afrika akiwa amepoteza nguvu zake zote. Hawezi kuleta hata manyunyu. Anafika kijiji kilichopigwa na ukame, anamsaidia mama kujifungua, anakaa na mzee anayemfundisha. Mzee huyo wamemwita Mjnari, jina ambalo sijui ni la kabila gani la dunia hii, lakini angalau ni jina. Hicho ndicho kitabu bora cha Storm kwa maoni yangu, na ndicho ambacho watengeneza filamu hawakukigusa. Filamu ya 2000 haina muda na Kenya. X-Men: Apocalypse ya 2016 inamkuta akiwa mwizi wa mitaani Cairo, na kutoka hapo anabebwa moja kwa moja vitani.

Pingamizi la pili ni filamu ya Black Panther ya Februari 2018: tumeshapewa Wakanda yote, tunalia nini? Nakubali kwamba Ruth E. Carter aliistahili Oscar yake ya mavazi, na mwenye kupaka sanamu ya Okoye, askari wa kike wa Wakanda, ana shanga na wekundu wa Kimasai wa kumfanya ashindwe kulala. Ila Wakanda ni nchi ya kubuni, na nchi ya kubuni haina mkulima wa kulalamika. Vitabu vinaiweka Afrika Mashariki, majirani zake wakiwa kina Kenya na Uganda, lakini filamu imewapa watu wake Kixhosa cha Afrika Kusini. Kiswahili, Disney, wenye filamu hiyo, walishakigawa mwaka 1994 kwa simba, ngiri na fisi wa filamu yao ya katuni. Linganisha na filamu nyingine iliyoonyeshwa Berlin Februari hiyohiyo ya 2018: Supa Modo ya Likarion Wainaina. Jo, mtoto Mkenya wa miaka 9 ambaye ugonjwa wake hautapona, anatamani kuwa shujaa wa filamu. Kijiji kinapanga njama: kinamwigizia nguvu zake, kinabishana kuhusu kumdanganya, mama anakataa, dada anang'ang'ania, mwisho wanatengeneza sinema naye. Kijiji cha 1975 kilipiga magoti. Hiki kimeshika kamera. Haikuwa na bajeti ya Wakanda, na mtoto mwenyewe hana hata nguvu moja.

Wapo watakaosema yote haya ni makubwa mno kwa plastiki ya mtu mzima asiye na kazi. Lakini kupaka kunalazimisha uamuzi. Msomaji anaweza kupita juu ya kijiji kisicho na majina bila kusimama, na mtazamaji hupitishwa. Mwenye brashi hawezi kuacha kitako kitupu, lazima aamue huyu mtu amesimama wapi. Basi chukua kisu, kwangua ile lami, changanya gundi nyeupe na mchanga uliochekechwa, pakaza kahawia iliyokolea, chomeka nyuzi za katani zilizopakwa kijani kuwa majani ya mpunga, mwagia vanishi inayong'aa ili tope lionekane limelowa. Ukitaka na mkulima pembeni yake, mikono kiunoni, akimuuliza kwa nini amenyesha wakati mpunga uko kwenye turubai, huyo itabidi umchonge mwenyewe. Vifusi vya New York ndivyo vinavyokuja bure ndani ya boksi.