Siku Tatu Mjini Lisbon

Mji wa Lisbon, ulio mkuu katika nchi ya Ureno, umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tagus, karibu na mahali mto huo uingiapo katika bahari ya Atlantiki. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana sababu ya kuujua, kwani kutoka huko walikuja Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, katika mwaka wa 1593. Mtu apataye nafasi ya kuuzuru, siku tatu zamtosha kuona mambo makubwa. Lakini na azichague vema: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zafaa, maana siku ya Jumatatu majumba mengi ya makumbusho hufungwa.

Siku ya kwanza ni ya mji wa kale. Juu ya kilima iko ngome ya São Jorge, ambayo Mfalme Afonso Henriques aliwanyang'anya Waislamu katika mwaka wa 1147, baada ya wao kuutawala mji kwa zaidi ya miaka 400. Chini yake ni mtaa wa Alfama, wenye vichochoro vyembamba na ngazi nyingi, ambao mtu wa Lamu hatauona mgeni sana. Jina lenyewe ni la Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiswahili "hamamu". Asiyeweza kupanda kwa miguu na apande tramu, gari dogo la umeme lipitalo juu ya reli.

Akiteremka bondeni ataona mitaa iliyonyoka kana kwamba ilipimwa kwa kamba. Sababu yake ni msiba. Tarehe 1 Novemba, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wengi wakiwa makanisani, nchi ilitetemeka. Kisha maji yakafurika kutoka baharini, na moto ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Maelfu ya watu walikufa. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, hakukaa kulia. Aliamuru mji upimwe upya, na ndani ya kuta za nyumba mpya mafundi wakatia mbao zilizopandana kama tundu la ndege, ili nyumba itikisike isianguke. Kanisa la Carmo halikuezekwa tena, nalo lasimama hivyo hata leo liwe ukumbusho.

Siku ya pili aende Belém, upande wa magharibi. Hapo Vasco da Gama aling'oa nanga mwezi wa Julai, 1497. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata alifika Mombasa, asipate amani. Akaenda Malindi, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Baada ya safari hiyo lilianza kujengwa jumba la watawa la Jerónimos, lenye mawe yaliyochongwa mfano wa kamba za merikebu. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika kodi ya biashara ya Afrika na ya Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama limo humo. Akitoka, na aonje vikeki vya mayai na maziwa, vinavyouzwa hapo karibu tangu 1837.

Siku ya tatu ni ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Humo kuna chombo cha dhahabu ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi. Yasemekana fundi wake ni Gil Vicente, na kazi yake ni ya kustaajabisha. Maandishi yaliyo chini yake yasema kwamba Mfalme Manuel I aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, nacho kilikwisha katika mwaka wa 1506.

Maandishi hayo hayaelezi jinsi kodi ilivyopatikana. Katika mwaka wa 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu za vita, akatishia kuuteketeza mji wa Kilwa, na mtawala wake, Amiri Ibrahim, akakubali kulipa. Katika mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji huo, kisha akaichoma Mombasa.

Basi mgeni atokaye Afrika na amsifu fundi, kwa maana anastahili sifa. Lakini akumbuke pia kwamba dhahabu ya Kilwa ilichimbwa barani Afrika, ikaletwa pwani kwa bandari ya Sofala, nayo ikatolewa kwa hofu. Akirudi kwao, afanye safari nyingine mpaka Kilwa Kisiwani, akautazame Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Hapo atakuwa ameisoma habari hii pande zote mbili.