Kombe hulindwa ofisini kabla ya kulindwa uwanjani

GOMA – Timu ya Kongo ikichukua kombe la Afrika, honi za pikipiki husikika toka Birere hadi Katindo. Mwaka unaofuata timu hiyohiyo ikianguka, maneno hubadilika: eti wachezaji wameshiba, eti kocha amelewa sifa. Lakini historia ya TP Mazembe ya Lubumbashi inaonyesha kwamba lawama hiyo mara nyingi inabisha mlango usio wake.

Tukumbuke mwaka 2010. Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa kwa mara ya pili mfululizo, baada ya kuipiga Espérance ya Tunis 5-0 Lubumbashi na kutoka sare 1-1 kule Tunis. Desemba, huko Abu Dhabi, iliishinda Pachuca ya Meksiko 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter Milan ikashinda 3-0, lakini Kongo nzima ilitembea kifua mbele.

Msimu wa 2011 miguu ya wachezaji haikuchoka. Waliishinda Simba ya Tanzania nyumbani na ugenini, kisha wakaiondoa Wydad ya Casablanca. Kilichowaangusha ni karatasi. Simba ililalamika kwa CAF kwamba beki Janvier Besala Bokungu, aliyewahi kuwa Espérance, hakuwa na haki ya kuichezea Mazembe. Mwezi wa tano CAF ikaifukuza Mazembe mashindanoni. Wydad, ambayo ilikuwa imekwisha kutolewa, ikarudishwa na kufika hadi fainali. Na nani alibeba kombe? Espérance, ileile iliyofungwa 5-0.

Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa tena taji hilo mbele ya USM Alger, Mbwana Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016 Samatta akaenda Genk, Ubelgiji, na kocha Patrice Carteron naye akaondoka. Wydad ikaitoa Mazembe mapema. Hata hivyo, safari hii karatasi zilikuwa sawa, hivyo timu iliangukia Kombe la Shirikisho na Novemba ikalibeba, baada ya kuifunga MO Béjaïa ya Aljeria 4-1 Lubumbashi.

Tofauti iko wazi. Timu inayopoteza mshambuliaji wake bora bado inaweza kurudi na kombe jingine. Timu iliyofukuzwa kwa sababu ya karatasi haina mechi ya kurudiana. Na wanaoumia ni wale ambao hawakukosea: mchezaji aliyetoka jasho, na shabiki aliyelipa tiketi yake.

Wengine watasema Mazembe ina pesa, timu za Goma kama Dauphins Noirs na DC Virunga hazina, basi mfano huu hauwafai. Ni kinyume chake. Pesa hazikuiokoa Mazembe mwaka 2011. Na kuhakikisha barua ya kuachiliwa ya mchezaji kabla hajavaa jezi hakuhitaji tajiri. Kunahitaji katibu makini, faili safi, na komite inayokubali kumweka mchezaji kwenye benchi hadi karatasi zake zikamilike, hata kama mashabiki wanapiga kelele.

Katika muji ambao vita vimewatawanya vijana mara nyingi, faili hilo lina uzito zaidi. Mchezaji anaweza kukimbia na kuacha kila kitu nyuma, leseni yake ikiwemo. Klabu isiyo na nakala itamtetea kwa nini?

Basi mashabiki wa Goma, kabla ya kuuliza nani atafunga mabao msimu ujao, waiulize komite yao swali moja: karatasi za wachezaji wote ziko wapi, na nani anazitunza?