Ukiona picha inayoelea hewani, usishangae tu, iunde

Tuambiane ukweli, kijana mwenzangu. Ukikutana na video ya tarakilishi ambayo picha yake inaelea hewani, wewe hufanya nini? Unasema "wueh!", unawatumia marafiki, kisha huyo, video nyingine. Hapo ndipo tunapojipunja.

Ule si uchawi. Ni mchezo wa kioo, tena wa kale. John Henry Pepper aliutumia kuleta "mzimu" jukwaani jijini London mnamo 1862. Na umati ulipomwona Tupac akirap Coachella, Marekani, mwaka 2012, ilhali alifariki 1996, ulikuwa mchezo uo huo.

Hebu ona ulivyo rahisi. Laza skrini ndogo ikiangalia juu, kisha inamisha kioo cha dirisha au plastiki angavu juu yake kwa digrii 45. Mwanga unagonga kioo na kukurudia machoni, nayo macho yanadhani picha iko nyuma ya kioo. Weka mandharinyuma meusi na ufunge pazia, kwa sababu mwanga mwingi huimeza picha. Maandishi yatatokea kinyume, kwa hivyo itabidi uyageuze kwa programu. Ubongo wa mashine unaweza kuwa Raspberry Pi, kile kibao cha ukubwa wa kadi ya benki kilichozinduliwa Uingereza 2012 ili wanafunzi wajifunze kuandika programu. Huna pesa za kukinunua? Anza na simu uliyo nayo.

Najua kuna atakayeuliza, "Sasa hiyo itanisaidia nini?" Swali zuri. Skrini ya kawaida inaonyesha vizuri zaidi, hilo sikatai. Lakini ukiunda hii, zile pembe ulizokariri darasani zinapata kazi. Utakosea vipimo, picha itapinda, utarudia. Na siku mtu akikuuzia "hologramu" kwa bei ya kuruka, utachungulia chini utafute skrini ilikofichwa, badala ya kutoa pochi.

Tumezoea kungoja maabara ya shule, mfadhili au serikali. Kioo hakingoji yeyote. Likizo ijayo, tafuteni wawili watatu mtaani, mchange, mwombe fundi wa madirisha awakatie kipande na kusugua makali yake. Kisha mtoto wa jirani akiuliza picha imeshikwa na nini, mwelezeni.