Neno la Mhariri: Nyonga ya Kitambaa

Mwaka 1759 Mfalme Louis wa Kumi na Tano wa Ufaransa alimpa mkunga mmoja, Angélique du Coudray, hati ya kuzunguka majimbo ya ufalme wake akiwafundisha wanawake wa mashamba kazi ya kuzalisha. Na kwa kuwa wengi katika wanafunzi wake hawakujua kusoma, bibi huyo hakutegemea kitabu peke yake, bali aliwashonea nyonga ya kitambaa na ngozi, sawa kwa ukubwa na nyonga ya mwanamke mzima, na pamoja nayo mtoto wa kitambaa mwenye pua, masikio, na kinywa kilicho wazi kiasi cha kupitisha kidole. Kamba zilivutwa na kulegezwa, njia ya uzazi ikatanuka kama itanukavyo kwa mzazi. Moja katika sanamu hizo ingalipo hata leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen.

Nimeanza na kitambaa hicho kwa sababu picha tunazotundika ukutani aghalabu huonyesha mji wa uzazi peke yake, mfano wa tunda lisilo na mti; na mwanamke aitazamaye hurudi kwake asijue kwamba mbele ya mji kipo kibofu, nyuma yake upo utumbo wa haja kubwa, na chini ya vyote hivyo imetandwa misuli, kutoka mfupa wa kinena hata kifandugu, ikavibeba kama susu ibebavyo vyungu. Aliyejifungua na sasa mkojo wamtoka akikohoa huambiwa abane misuli hiyo. Ipi? Wako ambao, kwa kufundishwa kwa maneno matupu, husukuma chini ilhali inatakiwa kuvuta juu, wakazidisha madhara. Na fistula, yaani tundu la kuvujisha mkojo lipatikanalo kwa uzazi mgumu, pia hufahamika kwa mkono: mtie mtoto wa kitambaa katika nyonga ya sanamu, ukwamishe kichwa chake, nawe utahisi jinsi kibofu kinavyobanwa baina ya kichwa na mfupa; uchungu ukipita kiasi bila ya msaada, nyama ile hukosa damu, ikafa, pakabaki tundu. Hapana laana hapo wala uchawi.

Wapo watakaosema kwamba sanamu ya namna hii yavunja sitara. Sikubaliani nao. Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na mambo waliyouliza yalikuwa ya miili yao. Fauka ya hayo, elimu ya kufunza kwa sanamu si ngeni kwetu: Wazaramo walikuwa na mwana hiti wao wa mti aliyekaa na mwali ndani, na mtafiti Hans Cory alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima juu ya sanamu za udongo zilizotumiwa kufunzia wali katika Tanganyika. Kungwi alijua zamani kwamba jambo likishikwa halisahauliki upesi.

Basi wakunga, walimu wa afya na makungwi watakaonunua sanamu, au watakaoishona wenyewe, twawaomba iwe ya kimo cha kweli. Kibofu kiwemo, misuli iwemo, wala kinembe kisiachwe kwa kuona aibu. Na isifungiwe kabatini. Iwekwe mezani, kila mwanamke aishike kwa mikono yake.