Kodi ya Majumba na Haki ya Mtoto

Mwezi wa Machi 1993, shule za Kalkaska, mji mdogo wa jimbo la Michigan katika Marekani, zilifungwa yapata majuma kumi kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Hapakuwa na vita wala maradhi. Wapiga kura walikuwa wamekataa kodi ya majumba na ardhi iliyoombwa kwa ajili ya shule, na fedha zikakatika. Watoto, ambao hawana kura, wakarudishwa makwao.

Mwaka 1994 wananchi wa Michigan walibadili mambo. Kodi ya mauzo ilipandishwa kutoka 4 hadi 6 katika mia, na jimbo likabeba sehemu kubwa ya gharama za shule. Walakini kodi ya majumba haikufa. Wilaya ya shule yaweza kutoza hadi dola 18 kwa kila dola 1,000 za thamani itozwayo kodi, kwa maduka na nyumba za mapumziko. Nyumba akaayo mwenyewe imesamehewa. Muda wa kodi ukiisha, hapana budi kura ipigwe tena. Ikikataliwa, jimbo halizibi pengo.

Hapo huinuka kelele kwamba kodi zimezidi. Kelele hiyo huchanganya kuendeleza na kuongeza: atiaye kuni motoni hakuwasha moto wa pili. Na mwenye nyumba akataaye kwa kuhofia nyumba akaayo hukimbia kodi asiyotozwa.

Wengine husema kwa haki zaidi kwamba mwenye nyumba ya mapumziko hutozwa mahali asipopigia kura. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtoto naye hana kura popote. Na nyumba hiyo ikishika moto, wataokuja kuuzima yamkini walisoma katika shule hizo hizo. Mmoja aweza kupoteza fedha; mwingine hupoteza umri, nao haurudi.

Mzee naye husema, watoto wake wamekwisha soma. Ni kweli, walisomeshwa kwa kodi ya wazee waliomtangulia. Waliomkopesha wamekwisha kufa, na deni lao hulipwa kwa wajukuu wao.

Basi karatasi ya kura haiulizi kama kodi ni tamu. Huuliza kama mlango uliokuta u wazi utauacha wazi.