Bibi Harusi Si Ng'ombe wa Kuswagwa



Siku hizi kuna neno la Kiingereza limeingia kwenye mafunzo ya maharusi: 'demeanour'. Utasikia, "Binti mzuri huyu, ila demeanour yake bado." Wanakusudia namna mtu anavyoonekana kwa nje: anavyokaa, anavyotembea, anavyotazama na anavyojibu. Basi binti hufundishwa kucheka bila sauti, kuinamisha macho, na kutabasamu hata wifi anapomtukana. Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Tlawi, Mbulu, tunasema neno hili lichunguzwe kwanza kabla mabinti zetu hawajavishwa.

Asili yake ni Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kutishia. Baadaye likawa neno la wachungaji, kuswaga mifugo kwa makelele. Wafaransa wakalitumia kwa maana ya kuongoza, na kufikia karne ya 15 Waingereza wakawa nalo kwa maana ya namna mtu anavyojiongoza mbele za watu. Huku kwetu ng'ombe ni mali na heshima ya nyumba, kwa hiyo jambo hili tunalielewa upesi. Ng'ombe anayeswagwa hufuata njia kwa sababu ya fimbo iliyo nyuma yake. Fimbo ikiondoka, yumo kwenye mahindi ya jirani.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Binti aliyelelewa kwa "watu watasemaje" hutulia watu wanapomtazama tu. Na kuna baya zaidi: hutulia hata anapoumizwa, kwa sababu aliambiwa bibi harusi mwenye haiba halalamiki. Wapo wanaorudi kwetu miezi michache baada ya harusi kupunguziwa nguo, wamekonda, na bado wanatabasamu. Mkisema hiyo ni tabia njema, sisi tunasema ni woga uliopigwa pasi.

Kiswahili kina neno lake, mwenendo, nalo linatokana na kwenda. Anayekwenda ni wewe, kwa miguu yako. Suratul Furqan, aya ya 63, inawataja waja wa Rahmani kwa unyenyekevu wa mwendo wao na kwa kuwajibu wajinga kwa maneno ya amani. Aya hiyo haikuwahusu wanawake peke yao. Mbona basi bwana harusi hakai na somo hata siku moja?

Tena kuna dharau ndani yake. Binti wa huku akiposwa visiwani, lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw, Kiswahili chake kina lafudhi, na singo hajawahi kuiona. Kabla hajafungua begi ameshaambiwa hana adabu. Hata mahakama haifanyi haraka hivyo. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 28 ya mwaka 2001, ilieleza kwamba ukweli wa shahidi haupimwi kwa mwonekano wake kizimbani tu. Maneno yake hupimwa pia kama yanashikana, kisha hulinganishwa na ushahidi wa wengine. Ikiwa shahidi anapewa haki hiyo, mke wa mwanao je?

Fundi anayejua kazi akiletewa gauni huligeuza akatazama bitana na mishono. Nanyi mama wakwe, fanyeni hivyo. Waulizeni walioishi naye: akipewa amana huirudisha? Akiahidi hutimiza? Akikasirika husema nini? Kisha nendeni mkaulize yaleyale kuhusu kijana wenu.

Na wewe bibi harusi, jifunze adabu, jifunze subira, upendeze. Lakini ukidhulumiwa sema, kwa wazazi, kwa kadhi, kwa yeyote mwenye kukusikiliza. Ulimi huo Mola hakukupa kwa ajili ya kusema "abee" peke yake.