Artemisia Haitoshi Kutibu Malaria

Mei 2020, Waziri Palamagamba Kabudi aliporudi kutoka Madagaska na kinywaji cha artemisia dhidi ya corona, jina la mmea huo lilienea mitaani. Leo utaukuta hata kwenye makopo ya rangi uani.

Kuupanda si kosa. Kosa ni kumchemshia mtoto mwenye malaria.

Sifa zake ni za kweli. Kutoka humo Tu Youyou wa China alipata artemisinini mwaka 1972, akapewa Nobel 2015, na artemisinini hiyo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazopewa zahanati. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake hutofautiana mche kwa mche. (Tu mwenyewe aliacha kuchemsha, akatumia etha.) Kikombe kinaweza kutuliza homa huku vimelea vikibaki, vikizoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria.

Anayetaka chai ya bustanini apande mchaichai. Kwa homa, kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na dozi ya mseto ya ALu ni siku 3 tu.